Namna ya kuiomba benki ikupunguzie riba ya kadi ya mkopo

Benki nyingi zina uwezo wa kushusha riba ya kadi, ila hazikutafuti kukuambia. Ni lazima uombe, na uombe ukiwa na hesabu mkononi.

Anza na taarifa ya kadi ya mwezi uliopita. Mara nyingi utakuta viwango zaidi ya kimoja: cha manunuzi, cha pesa taslimu, na wakati mwingine cha adhabu kwa aliyechelewa kulipa. Angalia kipi kinachokuumiza. Ukitoa pesa kwenye ATM kwa kadi ya mkopo, kwa kawaida riba huanza siku ileile, na kiwango chake huwa juu zaidi. Hapo dawa ya kwanza ni kuacha kutoa.

Kisha piga hesabu. Zidisha deni kwa riba ya mwaka, gawanya kwa 365, halafu zidisha kwa siku za mwezi. Deni la 100,000 kwa riba ya 36% linakula takribani 2,960 kwa siku 30. Kwa 24% linakula 1,970 hivi. Karibu 1,000 inabaki mfukoni kila mwezi, na ukiielekeza kwenye deni lenyewe, riba ya mwezi unaofuata inapungua tena.

Piga simu baada ya angalau miezi sita ya kulipa kwa wakati. Ikiwezekana, punguza deni lishuke chini ya 30% ya kikomo cha kadi kabla taarifa haijatoka, maana kwa kawaida salio la siku hiyo ndilo linaloingia kwenye kumbukumbu zako za mikopo. Tafuta pia kiwango cha benki nyingine unachostahili kupata.

Sema kwa ufupi: "Ni mteja wenu kwa miaka minne na sijachelewa kulipa. Benki nyingine inatoza 24%, ninyi mnanitoza 36%. Naomba mnishushie hadi 24%." Kisha nyamaza. Wengi huharibu hapa: kimya kikiwatisha, wanaanza kujitetea au wanashusha ombi lao wenyewe. Anayepokea simu huenda hana mamlaka. Akikataa, omba kwa upole akuunganishe na msimamizi. Usitishie kufunga kadi kama hujajiandaa kuifunga, kwani deni litabaki palepale.

Wakikubali, uliza mambo matatu: kiwango kipya kinaanza lini, kinaisha lini, na je, kinagusa deni la zamani au manunuzi mapya tu? Hilo la mwisho ndilo huwaponza watu. Omba majibu kwa maandishi, kisha hakiki taarifa inayofuata. Wakikataa, uliza sababu, irekebishe, urudi baada ya miezi mitatu.

Kama mapato yameyumba, waambie kabla hujakosa malipo, siyo baada. Uliza kama wana mpango wa nafuu kwa wateja waliokwama. Mara nyingi riba hushuka lakini kadi husimamishwa, na kwa mwenye deni zito hilo ni badilishano zuri.

Njia nyingine ni kuhamishia deni kwenye kadi yenye riba ndogo ya muda. Ada ya kuhamisha mara nyingi ni 3% hadi 5%, yaani 3,000 hadi 5,000 kwa deni letu la 100,000. Inalipa tu ukigawa deni pamoja na ada kwa idadi ya miezi ya ofa, ukalipa kiasi hicho kila mwezi, na usinunue kitu kwa kadi hiyo mpaka deni liishe.