Ukienda Mombasa wakati wa maradhi, panga kwanza kurudi

Kila ugonjwa unapozuka, wenzetu hapa Leicester huniuliza: "Mombasa wamefungua?" Hilo ni nusu ya swali. Kuingia si kazi sana. Kazi ni kutoka ukiwa salama, kazini kwako hujafukuzwa, na nyanya uliyemwacha barazani hajaanza kukohoa.

Machi 2021, wakati wa korona, nilikwenda kumuona mamangu Mji wa Kale, wiki tatu tu. Tarehe 26 Rais Uhuru Kenyatta akafunga kaunti tano: Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru. Mombasa haikuwamo, nasi tukaendelea na kahawa chungu na kaimati kana kwamba hayatuhusu. Kumbe tiketi yangu ni ya kuondokea Nairobi. Treni ya abiria ikasimama, ndege za ndani zikasimama. Tarehe 2 Aprili Uingereza nayo ikatangaza kwamba Kenya inaingia orodha nyekundu, yaani ya nchi za hatari, kuanzia tarehe 9, saa kumi alfajiri. Atakayechelewa atakaa karantini hotelini siku kumi, pauni 1,750 kutoka mfukoni mwake. Nilibadilisha tiketi kwa bei ambayo hadi leo sijamwambia mume wangu, nikakodi gari alfajiri, tiketi na cheti cha kipimo nimevishika kama hirizi, nikivionyesha kila penye kizuizi.

Tangu hapo napanga safari kinyumenyume. Kwanza naangalia nchi ninayoishi itanidai nini nikirudi, halafu nchi nitakayobadilishia ndege, Kenya ya mwisho. Ukipata ndege inayotua na kuondoka uwanja wa Moi pale Mombasa, mathalan kupitia Addis Ababa, lipa hata kama imezidi kidogo, maana Nairobi ikifungwa haikugusi. Nunua tiketi inayobadilishika tarehe. Omba likizo yenye siku za akiba mwishoni, na umwambie bosi mapema kwamba huenda ukakwama. Bima ya safari isome mpaka maandishi madogo: je, inalipa ukiwekwa karantini bila kuumwa? Si zote hulipa.

Na vyeti vihesabu saa, si siku. Kenya ilipofungua anga tarehe 1 Agosti 2020 ilitaka kipimo cha korona cha PCR cha ndani ya saa 96 kabla ya safari. Marekani ilianza Januari 2021 na siku tatu, Desemba ikakaza mpaka siku moja. Cheti kilekile kinakubalika upande huu, upande wa pili ni karatasi ya kufungia karanga. Uliza kama wanahesabu tangu sampuli ilipochukuliwa au tangu majibu yalipotoka. Kadi ya manjano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, usiisahau pia. Chanjo ile sasa hutambuliwa maisha mazima, lakini ichomwe angalau siku kumi kabla ya safari.

Wenye ndugu Tanga wanajua mambo yalivyokuwa pale mpakani, Lunga Lunga upande wa Kenya na Horohoro upande wa Tanzania. Mwaka 2020 Tanzania iliacha kutangaza idadi ya wagonjwa, huku Kenya ikiwapima madereva wa malori mpakani. Ugonjwa mmoja, sheria mbili, na katikati ni geti tu. Kama harusi ni Mombasa na fatiha ni Tanga, zihesabu kuwa safari mbili.

Hata ndani ya mji mambo hutofautiana. Tarehe 6 Mei 2020 Mji wa Kale ulifungwa, hapana kutoka wala kuingia, na mitaa ya jirani watu wanapita zao. Kwa hiyo usitegemee habari za "Mombasa" kwa jumla. Mpigie mtu anayekaa mtaa huohuo utakaofikia. Na kukiwa na kafyu, kaa mbali na Likoni saa za mwisho: siku kafyu ilipoanza, 27 Machi 2020, kivukoni palisongamana watu wakiwahi saa moja usiku, polisi wakarusha gesi ya kutoa machozi. Vuka feri kabla ya alasiri. Kwenye matatu kaa dirishani na ulifungue. Tuktuk ni bora zaidi, upepo unapita.

Lakini hayo yote ni mepesi ukiyalinganisha na mlango wa nyumbani.

Nilipofika nikiwa na barakoa na mkono kifuani badala ya kuutoa, mamangu alinitazama akasema, "Waniogopa, mwanangu?" Nikamwambia, "La mama, nakuogopea." Hakuridhika. Shangazi zangu walikuja kunipokea kumi na moja, chumba kimoja, madirisha yamefungwa kwa ajili ya AC. Kosa lilikuwa langu: nilisubiri nifike ndipo nieleze. Sasa naanza wiki mbili kabla, kwa simu, na simwambii mama mwenyewe. Namtafuta mjomba ambaye neno lake halirudishwi, yeye ndiye anayetangaza kwamba mgeni atakaa siku tano chumba cha juu, na maamkizi ni barazani, kwenye hewa. Zawadi zitolewe siku ya kwanza. Ukichelewesha zawadi na mkono pia hutoi, basi umeonekana umekuja na kiburi cha ulaya.

Matangani ni pagumu zaidi. Huwezi kukosa. Nenda wakati watu ni wachache, kaa nje na wanaume au wanawake walio uani, toa ubani wako, uondoke.

Jambo la mwisho ni homa. Si kila homa ni ile inayotajwa redioni. Pwani kuna malaria, na kinga uliyokuwa nayo utotoni hupungua ukikaa ughaibuni, kwa hiyo meza dawa za kujikinga hata wakikucheka. Kuna dengue, na chikungunya ilizuka Mombasa mwishoni mwa 2017. Mbu wa hizo mbili huuma mchana na huzaliana kwenye maji tunayoweka kwa mapipa kwa shida ya mifereji, funika mapipa. Ukipata homa ndani ya miezi mitatu baada ya kurudi, daktari wa huku huenda akasema ni mafua na kukurudisha nyumbani ukalale. Usikubali. Mwambie: "Nimetoka Mombasa tarehe fulani, nataka damu yangu ipimwe malaria leo hii."