SOMO: Kinanda au plagini? Naandika mara moja, msiniulize tena inboksi

Assalam alaykum jamaa. Kila wiki suali ni lile lile. Mwenye kinanda anataka kukiuza anunue laptopu, mwenye laptopu anataka kuiuza anunue kinanda. Laiti mngekutana wenyewe mkabadilishana, mie nikapumzika.

Jambo la kushika ni hili: funguo ni kitu kimoja, sauti ni kitu chengine. Kinanda kimevitia vyote viwili kwenye sanduku moja. Kwenye kompyuta vimetengana: funguo unazinunua, sauti inatoka kwenye programu, ndizo hizo plagini. Kwa hivyo usiuze kitu kabla hujajua unakosa kipi.

1. Jiulize unapiga wapi. Harusini na jukwaani, kinanda. Chumbani kwako, kompyuta. Kote kuwili, soma mpaka chini.

2. Sauti anza na za bure. Surge XT, Vital, Dexed. Hiyo Dexed inaigiza kinanda cha Yamaha DX7 cha mwaka 1983, na ni nyepesi.

3. Kabla ya kulipia kinanda, kigeuze utazame mgongoni. Kiwe na tundu la USB la mraba lililoandikwa TO HOST, au tundu la duara lenye pini 5 la MIDI (habari za funguo tu, si sauti). Kikiwa cha mtumba kutoka Japani, soma na kibandiko cha adapta. Kule umeme wao ni volti 100. Kikiandika INPUT 100V peke yake, ukichomeka kwenye 230 yetu kitanuka kabla hakijalia. Nunua adapta nyengine yenye volti za kutoa, ampea na ncha ile ile.

4. Unganisha waya, fungua programu, chagua kinanda chako kwenye orodha ya MIDI. Kinachopita kwenye waya huo wa USB, kwa vinanda vingi, ni MIDI tu. Ukitaka sauti ya kinanda chenyewe, toa waya mbili kutoka L na R ziingie kwenye saundi kadi (kifaa cha kuingiza na kutoa sauti ya kompyuta).

5. Zima Local kwenye menyu ya kinanda (Local Off), yaani funguo zisipige sauti ya kinanda chenyewe. Usipozima, kila ufunguo utatoa sauti mbili, ya kinanda na ya plagini, kama watu wawili wanaosoma dua mmoja kamtangulia mwenzake kidogo.

6. Ukibonyeza na sauti ikachelewa, punguza bafa, yaani kile kiasi cha sauti kompyuta inachokusanya kabla ya kukitoa. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, bafa ya 1024 peke yake inakuchelewesha milisekunde 23 hivi. Ya 128 ni kama 3. Wa Windows wasio na saundi kadi wapakue ASIO4ALL, programu ya kupunguza uchelewaji huo, nayo ni bure.

7. Skeli. Hapa ndipo nilipoharibu kazi ya watu, kwa hiyo someni polepole.

Nilikuwa narekodi wimbo wa taarab wa maqamu (skeli ya Kiarabu) ya Bayati inayoanzia noti ya re. Mpiga kinanda alikuja na kinanda chake chenye skeli za Kiarabu, akabonyeza vitufe vyake viwili, noti ya mi ikashuka robo toni, akapiga vizuri mno. Fidla ikaja juu yake, udi nao. Mie kwa ujanja wangu kile kinanda sikurekodi sauti yake, nilirekodi MIDI tu, nikisema usiku nikikaa peke yangu nitabadilisha. Usiku nikaweka plagini ya nyuzi, laini kama hariri, nikamaliza, nikampelekea mwenye wimbo. Asubuhi mzee wa fidla akanipigia. Hakutukana. Aliniuliza tu, "Mwanangu, nani kaninyooshea mi yangu?"

MIDI haibebi sauti. Inabeba namba: ufunguo wa 64 umebonyezwa, kwa nguvu 90, umeachiwa. 64 ni mi, basi. Ile habari kwamba mi hiyo imeshushwa senti 50 (si za fedha, toni nzima ni senti 200) ilibaki ndani ya kinanda, na kinanda kilishakwenda nyumbani kwao na mwenyewe. Plagini yangu ikasoma 64, ikapiga mi ya piano. Fidla inasema hivi, nyuzi zinasema vile, dakika sita nzima. Na usiku ule sikusikia! Masikio yalikuwa yamechoka na ile hariri ilinipumbaza. Tulirudia kwa gharama yangu.

Kwa hivyo: rekodi vyote viwili, MIDI na sauti, hata kama unajua utabadilisha. Andika maqamu kwenye jina la faili. Na ukibadilisha sauti yoyote, kabla ya kingine piga ile mi moja tu pamoja na fidla, ukiwa huna usingizi.

Masuali hapa chini. Someni kwanza.

---

Mtoto wa Michenzani: Kaka kwa hiyo kipi bora, kinanda au programu?

Mwandishi: Hatua ya 1.

Mtoto wa Michenzani: Nimeisoma ila nataka jibu moja.

Mwandishi: Unapiga wapi?

Mtoto wa Michenzani: Chumbani

Mwandishi: Basi umeshajijibu.

Prodyuza Asiyelala: Mwalimu tuwekee zile plagini kubwa zilizovunjwa kufuli tusilipie, sisi wengine hatuna kadi ya benki.

Mwandishi: Sitoi. Nimekutajia tatu za bure na hujafungua hata moja, ningeliona suali lako limebadilika. Laptopu yangu ya mwanzo ilikufa na virusi vya faili la namna hiyo, ikafa na nyimbo za watu.

Nyuzi12: Semeni mtakavyo, sauti ya programu ni ya plastiki. Kinanda kina roho.

Mwandishi: Hicho kinanda chako ndani yake kuna kompyuta ndogo inayosoma sampuli (sauti za ala zilizorekodiwa), tofauti imevishwa boksi na spika. Ukinambia sintesaiza ya analojia yenye saketi zake tutazungumza, lakini hicho cha harusini ni programu vile vile.

Nyuzi12: Mbona kwenye taarab ya kisasa mnatumia vinanda hivyo hivyo?

Mwandishi: Kwa sababu skeli inabadilika kwa kitufe kimoja wimbo ukiendelea. Hilo kwenye laptopu jukwaani ni mateso, nakubali. Sikusema kinanda kibaya. Nimesema usiuze.

Bi Nahawandi: Ahsante kaka, hatua ya 7 imenigusa, najifunza kupiga kanuni (ile ala ya nyuzi) na nataka kutunga kwenye kompyuta. Je, hiyo plagini haiwezi kufundishwa robo toni? Au ndiyo basi?

Mwandishi: Dada yangu, suali hili ndilo nililokuwa nalisubiri. Inaweza. Surge XT inasoma faili la skeli linaloishia na .scl, na faili hilo ni maandishi tu, unaliandika mwenyewe kwenye Notepad. Mstari wa kwanza jina, wa pili idadi 12, halafu senti za kila ufunguo kuanzia ule unaofuata do. Kwa Bayati ya re andika hivi:

Bayati ya re
12
100.0
200.0
300.0
350.0
500.0
600.0
700.0
800.0
900.0
1000.0
1100.0
2/1

Pale penye 350.0 kwa kawaida huwa 400.0, hiyo ndiyo mi yetu; ile 2/1 ya mwisho ni do ya juu. Ukitaka maqamu ya Rasti inayoanzia do, shusha na noti ya si pia, 1100.0 iwe 1050.0. Nukta usiisahau hata kidogo. Ukiandika 350 bila ya nukta, programu inadhani ni uwiano na sauti itaruka ikawasumbue popo. Hifadhi, liburute faili ulidondoshe juu ya Surge.

Na hizo senti 50 za kushusha si aya. Wazee wengi mi ya Bayati wanaishusha zaidi. Jaribu 345.0, jaribu 340.0, ukiwa na kanuni yako mbele.

Bi Nahawandi: 340 imekaa!! Nimepiga pamoja na kanuni nikasisimka.

Mwandishi: Sasa andika namba hiyo mahali. Mie ningelijua hili siku ile, ningelilala.

Mzee wa Akodioni: Vijana, mie kinanda changu ni cha zamani, kina tundu la duara tu. Mjukuu kaniletea waya wenye USB upande mmoja na vichwa viwili upande wa pili, IN na OUT. Nimechomeka kama kilivyoandikwa, kimya.

Mwandishi: Shikamoo mzee wangu. Kosa si lako, waya hizo kila kiwanda kinaandika kwa akili yake. Kinachotoka kwenye kinanda lazima kiingie kwenye kompyuta, kwa hiyo mara nyingi kichwa cha IN ndicho kinachokwenda kwenye OUT ya kinanda. Vigeuze. Haviungui, usiogope.

Prodyuza Asiyelala: Umeme ukikatika je? Laptopu ina betri, kinanda changu hakina, kwa hiyo programu imeshinda.

Mwandishi: Hapo umesema la maana kwa mara ya kwanza. Sisi tuliokuwepo Unguja Disemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu waya wa umeme wa baharini umekufa, tunajua. Ila saundi kadi na spika nazo zinakula umeme. Nunua UPS ndogo (betri ya akiba), na hifadhi kazi kila ukimaliza ubeti. Kinanda kikizima, sauti uliyotengeneza bila ya kuihifadhi imekwenda.

Kojani Boi: Nahamisha kinanda kutoka Unguja kuja Wete kwa boti. Nikifunge vipi?

Mwandishi: Kisiende kwenye mizigo, kaa nacho. Nailoni kwanza, kisha blanketi. Kikifika kitoe kwenye nailoni siku hiyo hiyo, ukikiacha humo kinatoa jasho. Chumvi ikiingia chini ya funguo, baadhi zitapiga kwa nguvu kupita kiasi au zitanyamaza. Hapo ni kufungua na kupangusa vipande vya mpira vya ndani kwa spiriti. Nyumbani kifunike kanga.

Mzee wa Akodioni: Marahaba mwanangu. Nimegeuza, kimelia. Mjukuu anauliza kwa nini kinalia mara mbili mbili.

Mwandishi: Mwambie mjukuu hatua ya 5, mzee wangu.