Kutoka Likoni hadi Lenana: ushauri kwa mwanachama mpya

Kila chama chetu cha kupanda milima kinapotangaza safari ya Mlima Kenya, simu yangu haipoi. "Dada, mimi nacheza mpira kila Jumapili, kweli nitashindwa?" Miguu haitakushinda. Shida ya mtu wa Mombasa ni pale anapolala. Kitanda chako kiko mita chache tu juu ya bahari, na Lenana, kilele cha Mlima Kenya tunachokipanda, iko mita 4,985. Kule kila pumzi inakupa karibu nusu ya oksijeni uliyoizoea, na mwili hauzoei kwa usiku mmoja hata uwe na kifua cha mzamiaji.

Basi ukijiunga na chama chochote, usikimbilie mlima mkubwa. Anza Taita. Kasigau ina mita 1,641: panda gari la Nairobi, shuka Maungu, halafu ukodi gari au bodaboda hadi Rukanga. Chukua mwongoza njia wa pale pale kijijini. Chini ni nyika na jua la kupasua kichwa, juu ni msitu wa mawingu, majani yanadondosha maji na mawe yanateleza. Hapo ndipo utakapojua kama viatu vinakubana, kabla hujalipia safari ya siku sita. Ukitoka Kasigau nenda Vuria, mita 2,208, kilele kirefu kuliko vyote vya Taita. Treni ya SGR kutoka Miritini hadi Voi, kisha matatu ya Wundanyi. Vilima hivi havitakuzoesha hewa nyepesi, lakini vitakufunza magoti, kuamka gizani, na kutembea na watu usiowachagua.

Katikati ya wiki fanya mazoezi ya kubeba. Kisiwa chetu ni tambarare, kwa hiyo tafuta ghorofa ndefu, uelewane na mlinzi, upande ngazi na begi lenye vibuyu viwili vya maji vya lita tano. Ukifika juu, mwaga maji ndipo ushuke. Magoti huumia wakati wa kushuka, na hakuna sababu ya kuyamaliza kabla ya safari. Wengine hupenda mteremko wa feri Likoni maji yakikupwa, unapokuwa mkali zaidi. Mimi umati ule siuwezi.

Nguo zisikutie hofu ya bei. Kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi sita hivi, kwa hiyo kileleni kabla ya jua kuchomoza ni barafu. Lakini Mombasa nani anagombania jaketi la baridi? Nenda Kongowea kwenye mitumba asubuhi mapema, utazikuta zimerundikwa chini ya rundo la mashati. Angalia zipu, igeuze ndani nje, vuta mishono ya mabegani. Acha jinzi na fulana za pamba nyumbani, maana zikilowa jasho hazikauki na baridi inakuganda mwilini. Chukua nguo nyepesi ya polista ya kugusa ngozi, sweta zito, na juu kabisa kitu kisichopitisha mvua. Dada wa buibui, suruali na kanzu ya kufika magotini inatosha, pindo refu utalikanyaga kwenye mawe. Na leso, yaani kanga, ibebe, hata wewe kaka: utajifunga shingoni, utaifanya taulo, na mtu akiteguka mkono ndiyo ya kumfungia.

Kabla ya kulipa, mwambie kiongozi wa safari maradhi yako yote. Huku Pwani siko seli, ugonjwa wa damu wa kurithi, ipo katika nyumba nyingi. Mwenye ugonjwa wenyewe asipande milima mirefu kabisa, na hata aliye na chembe ya kurithi tu bila kuugua anaweza kupata maumivu makali ya wengu huko juu. Kama hujui hali yako, pima, kisha uzungumze na daktari. Kiongozi ana haki ya kukukatalia, na asikuhurumie.

Safari yenyewe sisi tunaipangia Januari na Februari au Julai hadi Septemba, kukwepa masika na vuli. Vyama vya Nairobi huweza kwenda na kurudi wikendi moja, kwa sababu wenzetu wanaishi juu tayari. Sisi usiku wa kwanza tunalala Nanyuki, kisha geti la Sirimon hadi kambi ya Old Moses, mita 3,300, na hapo tunalala mara mbili. Mchana wa katikati tunapanda kidogo na kurudi kulala chini. Kambi ya Shipton's iko mita 4,200, nako tunapumzika siku nzima. Watu hulalamika kwamba pesa inapotea. Wacha walalamike.

Mwendo wako uwe ule unaoweza kusema sentensi nzima bila kuhema. Kichwa kikiuma, kichefuchefu kikija, chakula kikikataa kushuka, sema hapo hapo, na usipande tena mpaka vipoe. Mtu akianza kuyumba kama mlevi, kuropoka, au kukosa pumzi akiwa ameketi, anashushwa wakati huo huo, usiku au mchana, na hashuki peke yake.

Chakula ndicho wageni wanachodharau. Kijana mmoja wetu alikaa mbele ya sahani ya wali pale Shipton's, anazungusha kijiko tu. Nikafungua kichupa cha achari ya embe. Alinusa, akalamba ncha ya kijiko, akanyamaza, kisha sahani ikaisha. Tangu hapo achari ni mzigo rasmi wa chama, pamoja na tende na kashata za kutafuna njiani.

Usiku wa kilele mnaondoka saa tisa hivi. Chupa ya maji iweke kichwa chini ndani ya begi, barafu huanza kuganda juu na mdomo utabaki wazi. Anayeswali amwambie kiongozi mapema ili pa kusimama alfajiri pajulikane, si kila ukingo unafaa.

Ukirudi Mombasa, usitupe mabuti uvunguni. Joto na unyevu wetu huozesha soli za povu ndani kwa ndani. Kiatu kinaonekana kipya, halafu kinabanduka siku ya pili mlimani. Kikaushe kivulini, kitie magazeti, na wiki mbili kabla ya safari nyingine ukikunje kwa nguvu. Ukiona ufa, mpelekee fundi akishone soli kuzunguka kwa uzi wa nailoni, gundi peke yake usiikubali.