Namna ya kuisoma sera ya Urusi kwenye migogoro ya majirani zake

Ukitaka kujua Moscow inakusudia nini mgogoro wa kikabila unapozuka kwa jirani, hotuba ziweke kando kwanza. Tafuta mkataba wa kusitisha mapigano, uusome kwa kalamu mkononi.

Anza kwa kuhesabu viti. Mkataba wa Sochi wa Juni 1992 ulisimamisha vita vya Ossetia Kusini, eneo lililotaka kujitenga na Georgia, na kuunda tume ya pamoja ya usimamizi. Waliokaa mezani ni Georgia, Urusi, Ossetia Kusini na Ossetia Kaskazini. Hii ya mwisho ni jimbo la Urusi yenyewe! Kwa hiyo Georgia, mwenye nchi, alikuwa mmoja kwa watatu kabla hata kikao hakijafunguliwa.

Kisha soma idadi ya askari, muda wao na ruhusa waliyopewa. Taarifa ya Novemba 2020 iliyosimamisha vita vya Nagorno-Karabakh, eneo la Waarmenia ndani ya Azerbaijan, inataja walinda amani 1,960 wa Urusi wenye silaha ndogo na magari 90 ya deraya, kwa miaka 5 inayoongezwa yenyewe iwapo hakuna upande uliotoa notisi miezi 6 kabla. Tafuta sasa kisichoandikwa: askari hao wafanye nini njia ikizibwa au wakazi wakishambuliwa? Taarifa imenyamaza. Desemba 2022 njia ya Lachin, inayounganisha eneo hilo na Armenia, ikazibwa kweli. Septemba 2023 jeshi la Azerbaijan likaingia, Waarmenia zaidi ya 100,000 wakahama, na mwaka 2024 Warusi wakafungasha virago kabla ya muda wao kwisha. Wengi walihesabu bunduki tu, wakasahau kuuliza ruhusa ya kuzitumia.

Hatua ya tatu ni pasipoti, na hapa usiwe na haraka. Kifungu cha 61 cha katiba ya Urusi kinaahidi kuwalinda raia wake walio nje. Mwaka 2002 pasipoti za Urusi ziligawiwa kwa wingi Ossetia Kusini na Abkhazia, eneo jingine lililojitenga na Georgia. Agosti 2008, vita vya Urusi na Georgia vilipoanza, hoja ya Moscow ikawa kuwalinda raia wake. Donbas, mashariki mwa Ukraine, ilikuwa hivyo hivyo: amri ya kurahisisha uraia ilitoka Aprili 2019, majeshi yakaja Februari 2022. Andika tarehe za pasipoti kwenye safu moja na za majeshi kwenye safu ya pili. Pengo linaweza kuwa miaka sita au chini ya mitatu, lakini mpangilio ni ule ule.

Usisahau maghala. Mwaka 1999 kule Istanbul, Urusi iliahidi kuondoa majeshi yake Moldova kufikia mwisho wa 2002. Ghala la Cobasna, kule Transnistria, eneo lililojitenga na Moldova, bado lina takriban tani 20,000 za risasi na mabomu, na askari wa kulilinda.

Neno "kikabila" nalo lipime. Transnistria ina Wamoldova, Warusi na Waukraine, na hakuna kundi linalofika nusu ya watu. Kule lugha na madaraka vilipiganiwa kuliko ukoo.

Mwisho, jaribu hitimisho lako kwa Osh, mji wa kusini mwa Kirgizia, Juni 2010. Wakirgizi na Wauzbeki waliuana, serikali ya mpito ya Kirgizia ikaomba majeshi ya Urusi, na Urusi, yenye kambi ya ndege Kant nchini humo humo, ikakataa ikisema ni mambo ya ndani. Kama maelezo yako ni kwamba Urusi huingia kila inapopata upenyo, hapo yatakwama.