Ukianza zamu Chuo cha Mafunzo: maneno kwa askari wapya

Wadogo zangu mliopata ajira Chuo cha Mafunzo, yaani magereza yetu ya Zanzibar, hongereni. Kila vijana wakimaliza mafunzo, simu yangu hujaa maswali, na mengi ni hilo hilo: "Bi mkubwa, nikifika huko nianzie wapi?" Nimeona niandike mara moja, mpeane wenyewe. Mimi nimefanya kazi langoni na upande wa wanawake, Unguja na Pemba, sasa nimestaafu, nakaa Wete.

Kwanza jueni mpo wapi. Magereza si jambo la Muungano. Bara wana Jeshi la Magereza na sheria yao ya 1967. Sisi tuna Chuo cha Mafunzo, moja ya Idara Maalum za SMZ, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, sawa na vikosi vya KMKM (kuzuia magendo), JKU (kujenga uchumi), Zimamoto na KVZ (valantia). Jamaa yako wa gereza la Ukonga, Dar es Salaam, akikwambia "sisi kwetu tunafanya hivi", mshukuru, halafu kasome sheria na amri za kwenu. Usione haya kuomba nakala. Askari anayejua amri kwa kusikia tu huyumbishwa na kila mkubwa anayepita.

Pamoja na sheria ya nyumbani, someni Kanuni za Nelson Mandela. Ni kanuni 122, zilizopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa Disemba 2015, na chimbuko lake ni kanuni za 1955. Zimepewa jina la mtu aliyekaa kifungoni miaka 27, kwa hiyo msidhani zimetungwa na watu wasioijua jela. Namba za kanuni nitakazotaja hapa ni za humo.

Anapoletwa mtu

Gari imesimama, polisi wana haraka, jua kali. Usiharakishwe. Kabla ya kutazama uso wa mtu, tazama karatasi. Kanuni ya 7 haitaki mtu apokewe bila ya hati halali ya kumweka ndani. Soma jina, kosa, mahakama, tarehe, sahihi na muhuri. Kisha muulize mwenyewe jina lake, na umwache alitaje yeye. Ukimwambia "wewe ndiye Juma Hamad?" mtu aliyechoka atakujibu ndio, na kwetu hapa kina Juma Hamad wamejaa tele.

Halafu mali zake. Hapa ndipo askari wapya wanapoungua. Andika unachokiona, usiandike unachokidhani. Pete ya manjano ni "pete moja, rangi ya dhahabu". Ukiandika "pete ya dhahabu" wewe ni sonara? Siku ya kutoka atakudai dhahabu, na kitabu kitamuunga mkono. Simu: andika rangi, aina, na ufa wa kioo upo pembe gani. Pesa zihesabiwe juu ya meza, yeye akiona, noti kwa noti, na jumla iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno. Kisha aweke sahihi yake, na kama hajui kusoma msomee kwa sauti mbele ya askari wa pili ndipo atie dole gumba.

Muulize pia dawa anazotumia, na kama ameumia popote. Jeraha aliloingia nalo liandikwe siku ile ile, na aonwe na mtu wa afya mapema. Wiki moja baadaye hakuna atakayeamini kwamba alikuja nalo.

Hesabu

Hesabu ni watu wawili: mmoja anahesabu, mmoja anaandika, kisha mnabadilishana. Wafungwa wakae watano watano, na usihesabu wanaotembea. Walioko jikoni, shambani, hospitali na mahakamani wana karatasi zao, na karatasi zijumlishwe na vichwa. Mkuu wa zamu akikuuliza, mpe namba. "Wapo wote, afande" si hesabu.

Wageni wa Jumapili

Siku ya kutembelewa ndiyo itakayokuonesha kama una tabia. Mama ametoka Kojani alfajiri, amevuka kwa mashua, amepanda gari, amebeba bakuli la wali na samaki wa kukaanga kwenye kikapu. Amechoka na ana aibu, maana jirani kamuona. Mwamkie: shikamoo yako haikupunguzii cheo. Halafu pekua chakula chote, bila ya kuruka kitu. Mkate wa kumimina ukatwe, samaki agawanywe, mchuzi ukorogwe kwa kijiko safi, na mama aonje mwenyewe mbele yako. Usitie mkono wako ndani ya chakula cha mtu. Nimemuona askari akichakura wali kwa vidole vilivyotoka kufungua kufuli. Mama yule hakusema kitu, alifunika bakuli lake akarudi nalo.

Mwili wa mwanamke unapekuliwa na mwanamke, pahala penye faragha. Kama zamuni hakuna askari mwanamke, mgeni asubiri aletwe mmoja, hata ikichukua saa. Hilo halina "leo tu".

Kisiwa kidogo

Hili ndilo ninalotaka mlisome mara mbili. Vitabu vya ughaibuni vinaandika kama kwamba askari na mfungwa hawajuani. Pemba mtajuana. Utafungua mlango umkute mume wa binamu yako, au mwalimu aliyekufundisha chuoni kusoma Kurani, au kijana aliyevunja duka la ami yako. Utafanya nini?

Siku hiyo hiyo, kabla zamu haijaisha, mwandikie mkubwa wako mistari miwili: fulani ni jamaa yangu kwa njia hii, naomba nisipangwe jengo lake wala nisisimamie wageni wake. Baki na nakala. Wengine watakucheka, watasema unajitia uzungu. Waache. Likitokea jambo, karatasi ile ndiyo mwanasheria wako.

Ndugu watakujia nyumbani, na hawaji kwa ubaya. Atakuja mama wa watu magharibi na pakacha la maembe boribo, atakaa kibarazani, atauliza hali za watoto, kisha atasema, "Mwanangu, nimekuletea kitu kidogo tu, na huyu ndugu yako huko ndani mtazame." Usimfokee. Sema hivi: "Mama, maembe yako nayatamani, lakini yakiingia kwangu mwanao ndiye atakayetajwa. Chukua urudi nayo. Shida yake niambie, nitakwambia umuone nani." Kisha mwambie kweli: siku za wageni, vitu vinavyoruhusiwa, namna ya kumuandikia mkuu wa Chuo. Mara nyingi alilotaka mama ni taarifa tu, na taarifa ni haki yake bila ya embe. Akirudi mara ya pili na bahasha, hapo pana jina jengine, na ZAECA, mamlaka ya kuzuia rushwa Zanzibar, imeundwa kwa ajili hiyo.

Usibebe ujumbe wala barua, hata "mwambie mkewe salamu". Salamu ya mtu huweza kuwa ishara kwa shahidi. Na simu zenu hizi, picha ya mwanafunzi (ndivyo anavyoitwa mfungwa kwetu) isitoke ndani ikaenda kwenye magrupu, hata kama ni ya kuchekesha. Yeye atatoka, picha haitofutika.

Nguvu

Kanuni ya 82 inataja milango mitatu: kujihami, mtu anayejaribu kutoroka, na mtu anayepinga kwa mwili wake amri halali. Hata ukiingia kwa mlango huo, nguvu isizidi inayohitajika, na umripotie mkuu papo hapo. Matusi hayamo katika milango hiyo. Utatukanwa wewe, mama yako na kabila lako, na mkono utawasha. Rudi nyuma hatua mbili, mwite mwenzako, punguza sauti. Anayepiga kelele peke yake huchoka upesi.

Ikitumika nguvu, mtu aonwe na mtu wa afya, na ripoti iandikwe kabla hujakabidhi zamu. Nimesoma ripoti nyingi za namna hii: "Mwanafunzi alileta ukorofi nikamdhibiti." Haina maana yoyote. Iandikwe hivi: "Saa 4:20 asubuhi, mlango wa jiko, mwanafunzi A alikataa kuweka chini kisu cha kukatia muhogo. Nilimwamuru mara tatu. Alipomsogelea mwanafunzi B nilimshika mkono wa kulia kwa mikono miwili, koplo aliyekuwa nami akachukua kisu. Alianguka goti, amechubuka. Muuguzi alimuona saa 4:35. Walioona ni hawa." Ukishindwa kuiandika wazi namna hiyo, basi jiulize ulifanya nini.

Na adhabu si kazi yako wewe wa zamu. Kosa unaliandika, mwenye mamlaka analisikiliza, na mwanafunzi anajitetea. Kumpunguzia mtu chakula au maji, kumtia chumba cha giza, kuwaadhibu kumi kwa kosa la mmoja, kanuni ya 43 imekataza yote. Kumtenga mtu peke yake saa 22 au zaidi kwa siku kwa zaidi ya siku 15 mfululizo nako kumekatazwa. Wala usimpe mwanafunzi mwenzao fimbo ya kuwasimamia. Unyapara unakupunguzia kazi mwezi wa kwanza, na mwezi wa tatu utakuta jengo ni lake.

Mengine kwa ufupi

Askari mwanamume haingii upande wa wanawake ila amefuatana na askari mwanamke, hata akiwa mkubwa (kanuni ya 81). Nimewahi kumzuia mwenye nyota nyingi mlangoni. Alinuna, akasubiri. Mzazi hafungwi pingu wakati wa uchungu, wala anapojifungua, wala mara tu baada ya hapo. Mtoto aliye na mama yake ndani si mwanafunzi, kwa hiyo haingii katika adhabu yoyote.

Ramadhani panga mapema na jiko: futari na daku kwa wafungao, chakula cha mchana kwa wagonjwa na wasio Waislamu, na asiyefunga asiulizwe sababu mbele ya wenziwe.

Mwanafunzi akisema anataka kumuona mkuu, usimuulize anataka kumwambia nini. Andika jina na saa, upeleke. Barua yake ya malalamiko, hata kama inakutaja wewe, ipite ikiwa imefungwa.

Mwisho wa zamu, hesabu watu, hesabu funguo, soma kitabu cha matukio pamoja na anayekupokea, mtie sahihi wote wawili. Asipofika, huondoki. Mpigie mkuu wa zamu, andika saa uliyopiga na alilojibu, vuta kiti ukae.