Thairoidi imelegea na kila mara unaumwa? Usikimbilie kulaumu kinga

Wenzangu wa thairoidi, hasa sisi ambao hiyo tezi ya shingoni inatoa homoni kidogo, kuna kipindi unaumwa mpaka watu wanaacha kukupa pole. Leo koo, wiki ijayo UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), hiyo ikitulia fangasi, na ukiulizwa unajibu tu "kinga yangu iko chini, si unajua nina tezi". Mi mwenyewe nimelisema hilo sana. Sasa kabla hujanunua kopo lingine la vidonge vya kupandisha kinga, naomba upite hapa.

Kwanza tuelewane, wengi wetu tezi ililegea kwa sababu ya Hashimoto, ugonjwa uliopewa jina la daktari wa Japani, Hakaru Hashimoto, aliyeuandika mwaka 1912. Kwenye Hashimoto kinga inaishambulia tezi yako mwenyewe. Hapo askari hajalala, kakamata mtu siye. Kwa hiyo kuwa na Hashimoto peke yake sio sawa na kuwa na upungufu wa kinga, na ukiwa unameza levothairoksini yako, ile dawa ya kujazia homoni, na vipimo vimekaa vizuri, kuumwa kila mara ni swali linalotaka jibu lake lenyewe, usiliache liishie kwenye tezi.

Sasa ufanyeje. Chukua daftari, au simu, andika kila unapoumwa: tarehe, ulihisi nini, joto lilikuwa ngapi kwa kipimajoto (sio kwa kiganja cha mkono), ulipimwa au ulikisia, ulimeza nini na ilichukua siku ngapi kupona. Fanya hivyo miezi miwili mitatu. La kwangu lilikuwa na mistari saba, nikajiona marehemu mtarajiwa, ila tulipokaa na daktari tukapitia mmoja mmoja, minne haikuwa na homa, haikuwa na kikohozi wala makamasi, ni sauti kukwaruza, baridi na misuli kuuma. Hiyo haikuwa mafua, ilikuwa homoni imeshuka, na mimi nimeshakunywa antibayotiki mara mbili bure. Na ile mitatu iliyobaki ilikuwa mafua ya kawaida, hata mtu mzima mwenye afya yake anayapata mara kadhaa kwa mwaka na hakuna anayeshangaa.

Kwa hiyo hatua inayofuata ni dozi. Jiulize unamezaje hicho kidonge. Kinatakiwa tumbo tupu, kwa maji, nusu saa mpaka saa nzima kabla ya kula au kunywa kahawa, au usiku ukiwa umekaa kama masaa matatu bila kula. Vidonge vya madini ya chuma, kalsiamu na zile dawa za kiungulia zenye alumini au magnesiamu vikae mbali nacho masaa manne, maana vinakishika tumboni kinapita bila kuingia kwenye damu. Mimi nilikuwa nameza cha tezi na cha chuma pamoja, glasi moja ya maji, najiona nimepangilia maisha! Dozi ikibadilishwa, TSH, kipimo cha damu kinachoonyesha kama homoni inatosha, inarudiwa baada ya wiki 6 hadi 8, sio siku tano, kwa sababu dawa hii nusu yake tu inahitaji kama wiki nzima kutoka mwilini, mwili unachelewa kutulia. Usipime ukiwa kitandani na homa kali kama hakuna haraka, ugonjwa wenyewe unavuruga majibu. Na kama unatumia bayotini, ile vitamini ya nywele na kucha, mwambie daktari na uiache angalau siku mbili kabla ya kutoa damu, inaweza kuonyesha majibu ya uongo.

TSH ikiwa safi na bado unaumwa kweli, basi tafuta kwingine, na hapa ndo watu wengi tunazembea. Omba sukari ipimwe, hasa kama ni fangasi, majipu au UTI zinazorudi. Wenye Hashimoto wana uwezekano mkubwa kuliko wengine wa kupata magonjwa mengine ya kinga kujishambulia, ikiwemo kisukari cha aina ya kwanza na ule wa kinga kushambulia tumbo unaoleta upungufu wa vitamini B12. Omba picha kamili ya damu, akiba ya chuma, B12, na kipimo cha HIV, usione aibu, ni kipimo kama vingine. UTI ikirudi omba mkojo uoteshwe ijulikane ni mdudu gani na anakufa kwa dawa ipi, maana kumezeshwa dawa ileile mara nne bila kuotesha ni kubahatisha. Angalia pia dawa nyingine ulizonazo: prednisoloni kwa muda mrefu inashusha kinga, na rifampisini ya TB au kabamazepini ya kifafa zinamaliza homoni haraka mwilini kwa hiyo dozi yako inaweza kuhitaji kupanda.

Kingine kidogo ila kinasahaulika, ngozi. Homoni ikiwa chini ngozi inakauka, kisigino kinapasuka, na kwenye ule mpasuko bakteria wanapita. Mafuta mazito ukitoka tu kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, yanasaidia kuliko vidonge vingi vinavyouzwa.

Vidonge vyenyewe, hasa vya mwani na iodini, achana navyo kama hujaambiwa una upungufu, iodini ikizidi inaweza kuilegeza tezi zaidi. Chanjo chanja, Hashimoto peke yake sio sababu ya kukataa. Usingizi na sigara mnajua wenyewe, siwezi kuwahubiria.

Na kuna watu wanachanganya: ukisikia "mwenye tezi akiumwa koo akimbie hospitali", hilo ni la wenzetu wenye tezi inayozidisha homoni wanaomeza kabimazoli, ile dawa mara chache inaangusha chembe nyeupe za damu, kwao koo na homa ni kupima damu siku hiyohiyo. Levothairoksini haina hilo.

Sisi tuna la kwetu. Mtu ambaye tezi yake haijatibiwa, au aliacha dawa muda mrefu, akipata maambukizi kama nimonia anaweza kuzidiwa ghafla, na mtego uko hapa: homa inaweza isipande kabisa. Badala ya kuchemka anakuwa wa baridi, analala hovyo, anaongea visivyoeleweka, anapumua polepole. Usimfunike blanketi ukasema apumzike, mpeleke emajensi usiku huohuo, na ukifika usiseme tu "anaumwa", sema ana thairoidi na mara ya mwisho kumeza dawa ilikuwa lini. Ndo maana kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari langu nimeandika jina la dawa, dozi, na TSH ya mwisho na tarehe yake, na nyumbani wanajua linakaa droo gani.