Mtoto mwenye kisukari: ya kuandaa kabla hajazidiwa usiku

La kwanza si begi wala nauli. Ni kukubaliana nyumbani, bibi na dada wa kazi wakiwemo, kwamba mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza haachishwi insulini hata siku ambayo hajatia kitu tumboni. Mimi nilikosea hapo. Binti yangu aliamka akitapika, uji akaukataa, nikajiambia: hajala, nikimchoma sukari itashuka azimie. Nikaruka sindano ya asubuhi, nikaruka na ya jioni. Saa saba usiku alikuwa anahema pumzi ndefu, nzito, kama aliyepanda mlima mbio, na mdomo unanuka matunda yaliyoiva kupita kiasi. Tulikompeleka kwanza walimpima malaria.

Mwili ukikosa insulini hauwezi kuitumia sukari hata kama imejaa kwenye damu, kwa hiyo huchoma mafuta. Mafuta hayo huzaa ketoni, nazo zikizidi damu hugeuka asidi. Homa nayo huongeza mahitaji ya insulini, ndiyo maana sukari ya mgonjwa hupanda hata asipokula. Basi siku ya kliniki, mtoto akiwa mzima anacheza, muulize daktari dozi ya siku ya ugonjwa ni ipi na akuandikie. Anaweza kuipunguza au kuiongeza. Kuiacha kabisa, hapana.

Nyumbani kuwe na kipimo cha sukari chenye betri nzima, vijiti ambavyo havijaisha muda, pamoja na vile vya kupimia ketoni kwenye mkojo. Mtoto akiugua, pima sukari kila saa tatu au nne, usiku pia. Ikizidi 14 (mmol/L) na haishuki, au akianza kutapika, pima mkojo. Ketoni zikionyesha alama mbili za kujumlisha au zaidi na bado anatapika, ondokeni saa hiyohiyo. Akianza kuhema vile nilivyoeleza, au akilegea na kusinzia, usipoteze muda kutafuta vijiti.

Kichupa cha insulini ambacho hakijafunguliwa hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8, na kikiganda ni cha kutupa. Kilichofunguliwa, kwa kawaida, mwisho wake ni wiki nne hivi, kwa hiyo andika tarehe juu yake. Usiye na friji, weka chungu kidogo ndani ya kikubwa, katikati jaza mchanga uliolowa, funika kwa kitambaa kibichi, kisha kiweke kivulini penye upepo. Kichupa kitie kwanza kwenye kopo kavu lenye mfuniko.

Hospitali ichagueni mchana, hamna haraka. Ulizeni ni ipi ambayo maabara yake hupima madini ya potasiamu kwenye damu hata usiku. Swali hili ni la maana sana, kwani insulini ya kutibu hali hii ya ketoni kuzidi husukuma potasiamu kutoka kwenye damu kuingia kwenye seli, na ikishuka mno moyo unaweza kusimama. Zahanati ya jirani inaweza kuanza dripu huku mkiandikiwa rufaa, na hilo ni jema. Namba ya dereva wa bajaji anayepokea simu usiku iwe kwenye simu ya kila mtu mzima wa nyumba, na kadi ya bima, kama mnayo, iwe hai.

Kwenye daftari la kliniki, ukurasa wa mbele, niliandika kwa kalamu nene: ANA KISUKARI, PIMENI SUKARI KWANZA. Chini yake kuna aina za insulini, dozi, na uzito wake wa karibuni, maana dripu na insulini hupigiwa hesabu kwa kilo. Nafasi ya saa ya sindano ya mwisho huachwa wazi, ijazwe tukiwa njiani.

Jiandaeni kukaa wodini siku moja, mbili, pengine zaidi, mkipokezana. Atapimwa sukari kila saa, na atadungwa sana. Anayekaa kitandani pake asilale fofofo: mtoto akilalamika kichwa kinazidi kumuuma, au akisinzia baada ya kuwa ameanza kuchangamka, mwite muuguzi palepale, kwani ubongo wa mtoto unaweza kuvimba wakati wa matibabu.

Nakala ya ule ukurasa tulimpelekea mwalimu wake wa darasa. Nyingine iko kwa shangazi yake Morogoro, anakokwenda likizo.